Nusu Kilo Juu ya Tofali

Nina kilo mia moja na kumi na sita, na dokta hanipi cheti. Bila cheti tajiri hanipi gari. Bila gari mimi ni mtu mnene aliyekaa nyumbani Kihesa akisubiri chakula.

Tajiri wangu, Mzee Hamdani, ana malori manne yanayokwenda Tunduma. Dereva wake mmoja alizidiwa na presha akiwa kwenye usukani, gari likalala mtaroni na shehena yote. Dereva mwenyewe alipona. Toka siku hiyo tajiri amesema mwisho wa mwezi huu kila dereva alete cheti cha daktari, asiye nacho aache funguo mezani.

Nikaenda zahanati. Dokta Nuswe ni kijana, anaongea polepole. Alinivalisha ile mashine ya mkononi, akasoma, akanitazama kama fundi anavyotazama tairi lililokwisha.

"Mzee Lukelo, presha iko juu, na uzito ndio unaoisukuma. Punguza nusu kilo kwa wiki. Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali usizidi ngumi yako. Ukiegesha gari, lizunguke kwa miguu mpaka jasho likutoke kidogo. Unachopunguza kisirudi. Nikiona presha imetulia, nakupa cheti."

"Nusu kilo, dokta? Nusu kilo ni nyama ya kula mtu mmoja."

"Basi wewe ishushe, usiile."

Nikatoka nimekasirika. Mimi nimeshapungua mara tatu maishani mwangu, sihitaji kufundishwa kupungua. Mara ya kwanza ndimu na maji ya moto. Mara ya pili kabichi. Mara ya tatu majani ya mtu mmoja wa sokoni, yaliyonifanya nihamie chooni. Mara zote tatu nilipungua. Mara zote tatu kilo zilirudi, na hazikurudi peke yao.

Lakini mimi nilitaka cheti tu. Nikaamua jioni ile ile naanza ndimu tena, sili kitu mpaka siku ya kupimwa. Nikishapimwa, Mungu atajua. Nikalala na njaa na hasira.

Usiku wa kuamkia leo, basi, nikaota niko kwenye foleni ya mizani.

Sikuwa ndani ya gari. Mimi ndiye niliyekuwa gari. Nimesimama juani kwa miguu yangu miwili, nimevaa singlendi, mgongoni nimefungwa turubai, na makalioni mtu amenibandika namba za usajili. Mbele yangu kuna tangi la mafuta ya kula. Nyuma yangu kuna lori la saruji. Hakuna aliyeshangaa, na mimi sikushangaa.

Tangi likageuka kunitazama.

"Una ekseli ngapi, kaka?"

"Mbili."

"Ziko wapi?"

Nikalionyesha magoti.

"Mzigo wote huo kwenye magoti? Pole."

"Asante."

"Na breki unazo?"

"Sina."

"Hata mimi," likasema. Foleni ikasogea.

Aliyewahi kukaa kwenye lori anajua kinachofanyika kabla ya mizani. Gari likiwa limezidi, linasimama porini. Viroba vya ziada vinashushwa, vinapakiwa kwenye pikipiki, vinapita njia ya panya. Gari linapimwa likiwa jepesi, afisa anasema pita, dereva anakwenda mbele kidogo, anasimama, anapakia viroba vyake. Mzigo ni ule ule. Barabara inaumia vile vile. Lakini kwenye mizani kila mtu ni msafi.

Porini kulikuwa na ndimu. Ndimu moja, ukubwa wa mtu, imekaa kwenye kigoda na taulo shingoni, inajipepea kwa boksi.

"Karibu tena, mteja wetu," ndimu ikasema. "Umeongezeka."

"Nakwenda kupimwa."

"Wote wanakwenda kupimwa. Geuka."

Nikageuka. Ndimu ikafunua turubai na kufungua kamba tumboni. Tumbo langu lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, na miaka yote hiyo sikujua. Viroba vikaanza kushuka. Kila kimoja kinashuka kinavuta pumzi, kinajinyoosha, kinakung'uta vumbi. Vyote vina sura yangu.

"Tukutane mbele," kiroba cha kwanza kikaniambia.

"Mbele wapi?"

"Pale pa siku zote. Kwani mwezi ujao una harusi ya nani?"

"Ya mtoto wa shemeji."

"Basi hapo hapo."

Vikapanda pikipiki, vikaingia njia ya panya vinaimba.

Mimi nikafika mizani nimelegea kama gunia tupu. Dirishani kwa afisa kulikuwa na goti langu la kulia. Nililitambua kwa kovu la jeki. Limevaa kizibao cha kung'aa, mbele yake kuna glasi ya maji. Goti la kushoto, nikaambiwa, liko likizo ya ugonjwa.

"Shikamoo, afande," nikasema, kwa sababu ofisi ni ofisi.

"Marahaba," goti likajibu. Mimi na hilo goti tumezaliwa siku moja, lakini lilipokea.

"Panda."

Napanda. Mizani inaguna. Mshale unayumba, unatulia.

"Hujazidi. Pita."

"Na cheti, afande?"

"Cheti kiko mizani ya pili. Baada ya harusi."

"Harusi imeingiaje hapa?"

"Mizani ni mbili," goti likasema, halikuinua macho. "Hii ni ya kuonyeshana. Ile ya mbele ndiyo ya kupima. Tuliiweka kule baada ya kuwafahamu ninyi madereva."

Geti likafunguka, na nyuma ya geti hapakuwa na barabara. Palikuwa na ukumbi. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, muziki unapasua masikio, mshereheshaji anataja majina ya watu waliochelewa. Viroba vyangu vimekaa meza kuu. Vimevaa sare moja na kamati.

"Huyo kafika!" vikapiga kelele.

Mama mmoja wa kamati akanishika mkono, akanigeuza huku na huku kama anakagua kitenge.

"Shemeji! Mbona umekonda hivi? Nyumbani hawakupi chakula?"

"Nimepungua kwa hiari yangu, mama."

"Hakuna mtu anayekonda kwa hiari. Sema tu unaumwa nini, sisi ni ndugu. Watu wataona hatukutunzi. Mpeni pilau huyu kabla hajatuaibisha."

Pilau ikasimama kwenye sinia, ikasafisha koo.

"Mimi ni pilau," ikasema. "Natokea upande wa bibi harusi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mtu akijitambulisha kwako kwa heshima hivyo, humkatai. Nikala. Ninapokula, viroba vinashuka meza kuu kimoja kimoja, vinanirukia. Kimoja mgongoni, kimoja kidevuni, vingine vinarudi tumboni kila kimoja mahali pake pa zamani. Nyuma yao wakaja wawili nisiowajua.

"Hawa ni nani?"

"Tuliwakuta njiani," kiroba kikasema. "Huyu ni chipsi mayai wa Makambako. Huyu mwingine hajui anatokea wapi. Hawana kwao."

"Mimi sina nafasi."

"Ya kwetu inatosha."

Wakajipenyeza kiunoni. Mkanda wangu ukasema, "Jamani," mara moja tu, ukakatika.

Mlango wa nyuma wa ukumbi ulitokea kwenye mizani ya pili. Goti ni lile lile, ila sasa linasinzia. Nikapanda. Mizani haikuguna, ililia.

"Umezidi kuliko ulivyokuja," goti likasema.

Kabla sijajibu, gari langu likapita. Kichwa chake cha bluu, tela lake, hata ule mkwaruzo nilioupata Igawa niliuona. Linateremka mlima kwa kasi ambayo mimi sijawahi kuliendesha. Kwenye usukani kuna bwana mmoja mwembamba, amevaa suti, tai imembana mpaka macho yamemtoka.

"Yule nani?"

"Presha."

"Nani kampa gari langu?"

"Mwaka wa tatu huu anaendesha yeye," goti likasema. "Wewe umekuwa ukishika usukani tu."

"Anaendesha vibaya."

"Hajui breki. Kupanda ndiyo anajua."

Presha akatupigia honi kwa adabu, akanyoosha mkono dirishani, akaingia kwenye kona ile ambayo mimi siku zote hupunguza gia mbili. Hakupunguza hata moja.

"Litapinduka," nikasema.

"Litapinduka. Na wewe utakuwa ndani yake."

"Mimi si niko hapa?"

"Siku hiyo utakuwa ndani. Ndivyo inavyokwenda."

Nikageuka kurudi porini, kwa ndimu. Nilikuwa ninakimbia, yaani kwa namna mtu wa uzito wangu anavyokimbia. Nikasikia kitu kinachechemea nyuma yangu. Goti limetoka ofisini. Nilikuwa sijawahi kuliona likitembea bila mimi, na kusema kweli lilitia huruma.

"Unakwenda wapi, bosi?"

"Kushusha."

"Kwa yule?"

"Anashusha haraka."

Goti likatafuta mahali pa kukaa, likakosa, likaegemea nguzo ya kilomita.

"Bosi, nimechoka," likasema. "Ukishusha mimi nafurahi. Nasema leo nitapumua. Naanza hata kujikunja vizuri ukienda kuswali, ukienda kanisani, popote unapokwenda wewe sijui. Halafu wanarudi na wageni. Ungeniachia mzigo mmoja nikauzoea. Hii ya kunitua na kunitwika, kunitua na kunitwika, ndiyo inayoniua."

"Hujawahi kuniambia."

"Sijawahi? Kila ngazi unayopanda mimi napiga kelele. Wewe unasema, aah, uzee."

Nikauliza kama kuna njia nyingine.

"Ipo ya halali. Madereva hawaipendi."

"Kwa nini?"

"Inachosha. Unashusha nusu kilo. Unaiweka juu ya tofali. Unakaa nayo mpaka ikusahau. Ikishakusahau haiji harusini."

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea mlivyozoeana."

Likapeleka mkono ndani ya turubai langu, likachomoa nusu kilo. Ilikuwa ndogo, ya manjano, kama kipande cha sabuni ya mche. Likaikalisha juu ya tofali kando ya barabara. Ikaning'iniza miguu.

"Tunaondoka saa ngapi?" nusu kilo ikauliza.

"Hatuondoki."

"Tunasubiri harusi?"

"Hapana."

"Msiba?"

"Hapana."

"Sasa tunasubiri nini?"

"Unisahau."

Ikacheka mpaka ikajishikiza kwenye tofali. "Mimi? Nikusahau wewe?"

Tukakaa. Tulipochoka kukaa tukajikuta tuko jikoni kwangu, tofali limekuja nasi. Mke wangu, Mama Editha, ameshika msumeno wa chuma, anakata sahani katikati. Nyuma yake kuna rundo la nusu za sahani.

"Mama Editha, unafanya nini?"

"Baba Editha, dokta si amesema nusu sahani?"

"Alisema nusu iwe mboga."

"Na mimi ndiyo nafanya hivyo. Usinisemeshe, nitajikata."

Akapakua. Chakula kikawa kinamwagika upande uliokatwa, kwa sababu hauna ukingo. Mchicha ukaona hivyo, ukaja, ukasimama pale ukawa ukuta. Ulisimama imara. Ugali wa dona ukakunja ngumi, na mimi nikakunja yangu, tukalinganisha.

"Tunatoshana," ugali ukasema. "Usiite mwingine."

Nikala. Nikamaliza. Nikasema bado nina njaa.

"Najua," nusu kilo ikasema haraka, imenyoosha shingo.

"Subirini kidogo," yakasema maharage, kwa mbali. "Sisi hatujafika. Ndiyo kwanza tuko kifuani."

Tukasubiri. Baadaye maharage yakapiga simu kutoka chini, yakasema yamefika salama na huko kumejaa. Njaa ikaaga, ikaondoka. Sikuwa nimeijua tabia hiyo ya maharage. Miaka yote nilikuwa naongeza sahani ya pili yakiwa bado njiani.

Kisha nikaenda kulizunguka gari. Gari halipo, analo Presha, lakini alama za oili zipo pale linapoegeshwa. Nalizunguka gari ambalo halipo. Tofali linanifuata, nusu kilo juu yake.

"Tunakwenda wapi?"

"Hapa hapa."

"Aa."

Tunazunguka tena.

"Tunakwenda wapi?"

"Hapa hapa."

Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kufunga tairi la tela kwenye matope. Hakuna kilichotokea. Jua linatoka, mchicha unasimama, maharage yanapiga simu, nazunguka. Ndimu ilipita na mizigo ya watu wengine, ikanionea huruma.

"Bado upo kwenye hiyo hiyo moja?"

"Bado."

"Mwenzako wa saruji nimemshusha kilo tisa."

"Ziko wapi?"

"Zimetangulia," ndimu ikasema, ikapita.

Siku moja nikashindwa. Tulikuwa Igawa, sijui tulifikaje, na mwanamke mmoja alikuwa anatoa maandazi kwenye mafuta. Nikala manne nimesimama. Nusu kilo ikafungua mikono kunipokea. Nikamtafuta afisa nijisalimishe.

"Nimeharibu, afande. Nirudi mwanzo."

"Mwanzo wa nini?" goti likauliza. "Wewe ukikanyaga shimo hapa Igawa, unarudi Dar kuanza safari upya?"

"Sirudi."

"Basi. Mlo unaokuja kaa kwenye sahani yako. Na maandazi si haramu, bosi. Lakini manne!"

Nusu kilo ikakunja mikono yake, polepole. Nikaona imeanza kuwa na wasiwasi. Tuliporudi kwenye alama za oili, haikuuliza tunakwenda wapi. Iliuliza kitu kingine.

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Mafuta."

"Mimi ni supu ya Mafinga."

Nikasimama.

"Asubuhi ile ya baridi," ikasema. "Dereva wa lori la mbao ametokea Iringa, amekuja mezani hata hajavua koti, akakwambia mkeo amejifungua binti. Ukanywa bakuli tatu. Ukamwagizia kila aliyekuwepo. Ulilia, wakakucheka, ukasingizia pilipili."

Hilo la pilipili sijawahi kumwambia mtu. Hata Mama Editha hajui.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kuichukua. Ilikuwa nyepesi tu, nusu kilo, ningeiweka mfukoni. Goti lilikuwa linanitazama. Mbali, nyuma ya mlima, honi ya gari langu ikalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba apishwe na hawezi kusimama.

Nikaubana mkono kwapani.

"Nakukumbuka," nikaiambia. "Lakini kaa hapo."

"Nikikusahau, na wewe utanisahau?"

"Sijui."

Tukaendelea. Sahani, ngumi, kuzunguka. Nusu kilo ikawa inaongea kidogo kuliko jana yake. Ikaanza kukosea jina langu, ikaniita Lukas, halafu ikaacha kuniita. Nilikaa mbele yake bila hamu ya kitu chochote. Ndipo ikainua uso, ikanitazama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hapa ni wapi?"

"Mizani."

"Aa. Nilikuwa nasubiri mtu."

"Nani?"

"Sikumbuki." Ikashuka kwenye tofali, ikajipangusa. "Asante kwa kunisindikiza."

Ikatazama kulia, ikatazama kushoto, ikavuka barabara, ikaingia kwenye majani. Haikugeuka.

Goti likaingia ofisini, likarudi limevaa kofia ya kazi. Kofia ilikuwa ndogo, ya duara, inabana. Likasema hii ndiyo shughuli yenyewe na haifanyiki kichwa wazi. Nikapanda mizani. Mshale ukasogea upana wa unywele.

"Nusu kilo," goti likatangaza kwa sauti ya kiofisi. "Na haitarudi. Imeandikwa."

Gari langu likaja likasimama mbele yetu, linatoa moshi, matairi yana moto. Presha akafungua mlango, nikadhani anashuka. Akahamia kiti cha abiria.

"Nitakaa huku," akasema. "Usinitikise."

"Hushuki?"

"Kwa nusu kilo?" Akacheka kidogo, kiungwana, akalegeza tai upana wa kidole.

"Na cheti, afande?" nikauliza.

Goti likanionyesha nyuma yangu kwa kidevu. Sijui goti lina kidevu gani, lakini lilionyesha kwa kidevu. Nikageuka. Kando ya barabara, mpaka macho yanapoishia, kumepangwa matofali. Juu ya kila tofali kuna nusu kilo imekaa na kifurushi chake, inasubiri. Ya karibu ikanipungia mkono.

"Mimi ni chapati za Chimala," ikasema. "Tunaondoka saa ngapi?"

Nikakaa chini mbele yake.

Nikaamka. Kumekucha, Mama Editha ameshafungua dirisha na amesimama ananitazama miguu.

"Baba Editha, umelalia nini?"

"Kwani nini?"

"Goti lako."

Nikatazama. Goti la kulia lina mstari mwekundu, umezunguka duara kamili, umedidimia kwenye ngozi. Ni alama ile inayobaki kwenye paji la mtu aliyevua kofia ya kubana. Nikaugusa, bado una joto. Goti la kushoto halina kitu.

"Sijui," nikamwambia. Nikachukua simu.

"Mzee Hamdani, shikamoo."

"Marahaba, Lukelo. Cheti tayari?"

"Mwisho wa mwezi sitakuwa nacho, tajiri."

"Unaniambia nini wewe? Shehena imeshafungwa."

"Gari mpe Kapufi, yule dereva wa akiba. Presha naweza kuishusha haraka nikakuletea cheti. Halafu itarudi nikiwa kwenye mteremko na gari lako. Nataka kuishusha polepole ikae huko huko chini."

Nikasikia anakoroga chai.

"Umeongea na mganga gani?"

"Nimeongea na goti."

"Umekunywa?"

"Hata maji bado."

"Kapufi anaua gia, Lukelo. Anavuta gia kama anang'oa mhogo."

"Najua. Gia inabadilishwa, tajiri."

Akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu mzima anayeamua jambo asilolipenda.

"Nampa safari tatu," akasema. "Ya nne ukiwa huna cheti, gari ni la Kapufi moja kwa moja. Usije kunililia." Akakata.

Mama Editha alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakuuliza kuhusu goti. Aliuliza chapati ngapi.

"Moja. Na chai, sukari nusu ya ile ya jana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Akaenda. Nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikajaribu kuikumbuka ile supu ya Mafinga. Baridi naikumbuka. Dereva wa mbao namkumbuka, na koti lake la kijivu, na mdomo wake anaposema binti. Nakumbuka nimeshika bakuli kwa mikono miwili. Ndani ya bakuli hamna ladha. Nimeitafuta mpaka chai imeletwa.

Basi, nikahesabu gharama. Safari tatu za Tunduma, na huenda zote zilizobaki. Gia za gari langu, mkononi mwa Kapufi. Chapati moja asubuhi hii. Ladha ya supu ya siku aliyozaliwa binti yangu. Kwa nusu kilo.